Maswali Mawili Niliyoyafuta

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Wamefika wanafunzi wawili, na chuo kiliahidi wanne. Aloys ni mrefu, mwepesi wa vidole na mwepesi zaidi wa mdomo. Kabla ya saa nne alikuwa ameshaichekesha foleni nzima. Zamzam ni binti wa Mzee Ramadhan mwenye duka la vitambaa hapa Machakos mjini, kwa hiyo analala kwao. Huyu hachekeshi mtu. Anauliza tu.

Wako mwaka wa nne wa udaktari wa meno, na kwa wiki kumi wameletwa kwenye kliniki yetu ya misheni kwa jambo moja: wajifunze kuandika dawa. Kung'oa wanajua. Jino ukiling'oa unaliona kwenye trei na kazi imekwisha. Dawa unaiandika, mgonjwa anaondoka nayo, na inayoyafanya huko nyumbani kwake huyaoni. Nimewaambia hivyo kama nilivyowaambia wa mwaka jana.

Nimewaandikia ubaoni maswali matano ya kumuuliza kila mgonjwa kabla kalamu haijagusa karatasi. Kuna dawa iliyowahi kukudhuru? Una mimba au unanyonyesha? Una vidonda vya tumbo? Una ugonjwa gani mwingine? Unatumia dawa gani nyingine?

Jua kali. Redio inasema inakuja mvua kubwa inayoitwa Elinino. Redio imeshasema mengi.

Jumatano, 8 Oktoba

Wagonjwa thelathini na wanane. Vumbi mpaka kwenye chai.

Alhamisi, 9 Oktoba

Aloys ameandika karatasi ishirini na moja leo. Zamzam ameandika sita. Nilisimama nyuma yake nione anakwama wapi. Alimuuliza bibi mmoja wa Kalama kama ana ugonjwa mwingine, na bibi akaanzia mguu uliovunjika mwaka wa Uhuru, akapitia kifua cha marehemu mumewe, akafika kwa mkaza mwana asiyempa chai yenye maziwa. Zamzam alikuwa anaandika yote.

"Zamzam," nikamwambia, "unaandika dawa ya jino ama historia ya Ukambani?"

Aloys alicheka. Zamzam hakucheka. "Lakini Daktari, maswali ni yako."

"Najua ni yangu. Sikusema uyalishe chakula cha mchana."

Anachosha, huyu mtoto. Hakuna ubaya ndani yake, lakini anachosha.

Jumatatu, 13 Oktoba

Niyaandike haya maana siku moja nitasema sikuyajua. Mwanafunzi haruhusiwi kutia sahihi kwenye karatasi ya dawa. Anatakiwa aandike, aniletee, nimwone mgonjwa, ndipo nitie sahihi yangu. Daktari hapa ni mimi peke yangu. Nikimfuata kila mgonjwa, foleni italala getini. Kwa hiyo asubuhi kabla ya chai natia sahihi karatasi ishirini tupu, nazigawa, wao wanajaza. Niliyempokea kazi hii alifanya hivyo, nami nimefanya hivyo miaka kumi na tisa. Mwangangi, anayekaa dirisha la dawa, hata hasomi juu. "Nikiona sahihi ya Munyiva natoa," husema. "Mimi ni nani nikuulize?"

Leo Zamzam amezishika zile karatasi tupu akaziangalia mbele na nyuma, kama mtu aliyepewa chenji asiyoiamini. Kisha akaziweka mezani. Nilijua angetaka kusema.

Alhamisi, 16 Oktoba

Somo la dawa zinazogombana. Nimewachorea jedwali langu. Aloys amelikariri kwa dakika kumi. Zamzam amelinakili kwa rangi mbili.

Jumanne, 21 Oktoba

Jana ilikuwa sikukuu, leo wamekuja wa siku mbili. Foleni imefika getini na kupinda. Saa sita Zamzam alikuwa kwa mgonjwa wake wa nne. Nilikasirika, nikachukua kitambaa, nikafuta maswali mawili ya mwisho ubaoni kwa mkono wangu. La ugonjwa mwingine na la dawa nyingine, yale yanayoleta hadithi.

"Matatu yanatosha," nikasema.

Zamzam akauliza, "Na kama mtu ako na sukari? Ama presha?"

"Mwenye sukari atasema mwenyewe. Watu wanajua magonjwa yao."

"Sawa, Daktari."

Mchana ameona tisa. Nilimwambia, unaona?

Jumamosi, 25 Oktoba

Mvua! Ilianza alfajiri, ikapiga mabati mpaka saa tano. Nimetoka nje na kanga yangu nikasimama tu nilowe, mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Mwaka jana hatukuvuna hata debe.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nusu ya Machakos haiko ofisini. Mvua ya kwanza ikishuka hapa, karani, mwalimu, polisi, wote wana jembe mkononi, na hakuna bosi anayeuliza kwa sababu naye yuko shambani. Mbegu ikichelewa siku tatu umeipoteza. Nina ekari mbili upande wa Kyumbi. Nilitia sahihi karatasi sitini, thelathini za leo na thelathini za kesho, nikawaachia vijana, nikashika njia saa tatu asubuhi.

Tumepanda mahindi, kunde na ndengu. Mgongo haunyooki. Nina furaha kama mtoto.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimerudi saa tisa. Mwangangi anasema jana Zamzam aliona wagonjwa ishirini na sita, na mvua ilikuwa inanyesha. Ishirini na sita! Nimempongeza mbele ya wote. Nimemwambia, "Sasa umeanza kuwa daktari." Alitabasamu, na sikuwahi kuona meno yake kabla ya leo. Mazuri.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua, usiku na mchana. Wanasema mto umekula daraja la njia ya Kalama, na watu wa ng'ambo hawavuki. Ndengu zangu zitaoza. Tuliiomba wenyewe.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua. Wagonjwa kumi na mmoja tu. Aloys amemfundisha Mwangangi kucheza drafti.

Jumatatu, 10 Novemba

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Saa nne Mwangangi aliniita dirishani. Alikuwa amesimama mwanamume wa miaka arobaini hivi, koti limelowa, viatu mkononi. Jina lake Reuben, fundi wa mawe, wa Kalama. Alikuwa ameshika bahasha ndogo ya dawa, zile zetu za kaki.

"Nimerudisha hizi, Daktari," akasema. "Zimebaki sita. Mama watoto alizipewa hapa ile Jumatatu ya mvua ya kwanza. Sasa hatuko naye, tumemzika Jumamosi. Nikaona si vizuri kutupa dawa na iko mgonjwa mwingine anaihitaji."

Nilimpa pole. Nilimuuliza amekufa kwa nini, kwa sababu ndilo jambo ambalo mtu huuliza. Akasema Jumamosi ile nyingine, tarehe moja, aliamka na kichwa kinauma sana. Mchana akatapika. Jioni akawa hasemi. Walimbeba kwa kitanda hadi mtoni, watu wanane, na mto ulikuwa umefurika. Walikaa ukingoni wakingoja maji yapungue, na hapo ukingoni ndipo alipokata roho.

Bahasha niliigeuza. Metronidazoli, mara tatu kwa siku, siku saba. Dawa ya usaha wa jino, tunaitoa kila siku.

"Alikuwa na ugonjwa mwingine?" nikauliza. Nililiuliza tarehe kumi Novemba.

Akaingiza mkono ndani ya koti akatoa kitabu cha hospitali kilichofungwa kwa karatasi ya nailoni, kikavu kabisa. "Ni wa moyo," akasema. "Walimwekea vali Nairobi, mwaka wa tisini na nne. Ako na dawa anameza kila siku. Hiki kitabu Wayua hakiachi, hata kanisani anaenda nacho. Ile siku tu, mvua ilikuwa kubwa, akasema akiache kisilowe. Nikamwambia, na wakitaka kukiona? Akasema wataniuliza, nami nitawaambia. Huwa wananiuliza kila mahali."

Nilikifungua. Warfarini, kila ukurasa, kwa mwandiko wa madaktari sita tofauti. Dawa ya kuzuia damu isigande kwenye vali. Ukimpa mtu huyo metronidazoli, ile warfarini inazidi nguvu siku baada ya siku, mpaka damu inakuwa maji. Mshipa mdogo ukipasuka kichwani hakuna kinachouziba. Imo kwenye jedwali langu, mstari wa tatu kutoka juu.

Nilikifunga kitabu nikamrudishia. Nilisema pole tena. Naye akanishika mkono kwa mikono yake miwili, ile mikono ya mawe, akasema, "Muvea, Daktari. Asanteni kwa kazi yenyu." Akaondoka na viatu vyake mkononi.

Mwangangi alitoa karatasi kwenye faili ya tarehe ishirini na saba bila kuambiwa. Wayua Reuben, Kalama. Mwandiko wa Zamzam, herufi za duara, kila kitu mahali pake. Chini, sahihi yangu.

Jumanne, 11 Novemba

Zamzam aliiona karatasi juu ya meza yangu kabla sijaificha. Habari za kitabu alikuwa amehadithiwa na Mwangangi. Alisimama mlangoni, buibui limelowa mpaka magotini.

"Daktari, ni mimi?"

Nikamwambia, "Nenda kwa mgonjwa wako, tutaongea." Hilo ndilo nililomwambia.

Ijumaa, 14 Novemba

Msimamizi wa misheni amesikia habari za Wayua na amekiandikia chuo. Kamati inakuja tarehe ishirini na tano. Mwangangi ameingia ofisini kwangu akafunga mlango, akaongea kwa sauti ya chini.

"Munyiva, sikiza. Wewe sema karatasi ulizoacha ni za dharura. Useme uliwaambia wakungoje urudi. Msichana akachukua akajiandikia. Yeye ni mwanafunzi, watamrudisha nyumbani, baba yake ako na duka. Wewe uko na miaka kumi na tisa hapa. Ukienda, hii kliniki nani ataifungua?"

Nilimwambia atoke. Lakini usiku nimelifikiria neno lake, na aibu yangu ni kwamba lilinipa usingizi.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua. Sikwenda kanisani.

Jumanne, 18 Novemba

Aloys amekuja ofisini, amekaa bila kuambiwa. "Daktari, usijali," akasema. "Mimi nitawaambia sijawahi kuona karatasi imetiwa sahihi bila kuandikwa. Hata siku moja." Nilimuuliza siku ile yeye alikuwa wapi, mbona Zamzam aliona watu ishirini na sita peke yake. Akakuna shingo. Alikuwa ameteremka mjini saa nne, akanyeshewa, akaona asirudi.

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Anataka kunisaidia. Kijana huyu nilimpenda kwa sababu ana haraka kama mimi, na leo nilipomwona ameketi pale, anatabasamu, uongo ukiwa tayari mdomoni, nilijiona mimi mwenyewe. Nimemshukuru. Mungu anisamehe, nimemshukuru.

Alhamisi, 20 Novemba

Zamzam hajakosa siku. Ameyaandika tena maswali mawili ubaoni, kwa herufi ndogo, chini ya yale matatu, na hakuniomba ruhusa. Anayauliza yote matano. Leo ameona watano. Niliketi upande wa pili wa pazia nikisikiliza, na kwa mara ya kwanza nilisikia kitu ambacho nilipaswa kukisikia tangu mwanzo: watu wanamjibu. Mzee mmoja alimwambia anakunywa vidonge vya kifafa ambavyo hata mkewe havijui. Nami Zamzam nilimwita mchoshi. Nimeona uchungu.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua. Mzee Ramadhan alinisalimia dukani, akanikaribisha kahawa, akaniuliza binti anaendeleaje na masomo. Hajui. Hakumwambia hata baba yake.

Jumanne, 25 Novemba

Walikuja watatu, maprofesa wawili na mama wa kuandika. Tuliketi chumba cha mikutano cha misheni, mabati yanapigwa na mvua, kila mtu akipaza sauti.

Walianza na Zamzam. Alisimama ingawa walimwambia aketi.

"Ulimuuliza mgonjwa kama anatumia dawa nyingine?"

"Hapana."

"Umefundishwa kuuliza?"

"Nimefundishwa."

"Kwa nini hukuuliza?"

Hapo nilingoja. Nilijua jibu, Aloys alijua, ubao ulijua. Yeye aliangalia mikono yake. "Niliona foleni ni ndefu," akasema.

"Na hii karatasi ilitiwa sahihi lini?"

"Sikumbuki."

Binti anayekumbuka chai ya mkaza mwana wa bibi wa Kalama. Aloys alisema alichoahidi kusema. Kisha profesa mkubwa akanigeukia kwa heshima, akasema, "Daktari Munyiva, tunajua unavyofanya kazi peke yako. Nadhani jambo liko wazi," na nikatikisa kichwa kukubali. Nilitikisa kichwa changu. Wakasema tunywe chai.

Kwenye chai nilisimama nyuma ya mama wa kuandika nikimimina maziwa, na nikaona amekwisha kuandika: aondolewe masomoni. Mwandiko mzuri, wino haujakauka. Nilifikiria nyumba yangu, pensheni yangu, na miaka kumi na tisa. Nikafikiria mtu aliyevuka mto viatu mkononi ili arudishe vidonge sita. Niliweka kikombe chini.

Tuliporudi nilisema yote. Karatasi sitini. Shamba. Maswali mawili na kitambaa. Nilisema nilimsifu kwa wagonjwa ishirini na sita, na mmoja wao alikuwa Wayua. Nilisema kijana Aloys amedanganya kwa ajili yangu na asiadhibiwe kwa deni langu. Sauti haikutetemeka, nimefundisha miaka mingi.

Nilidhani Zamzam angelia, au angenishukuru. Alinisubiri koridoni, macho makavu.

"Ungesema asubuhi, Daktari."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nangoja useme." Akatazama mvua nje. "Na yule mzee wa Kalama, mume wa Wayua, ataambiwa na nani?"

Jumanne, 2 Desemba

Barua. Nimesimamishwa mpaka bodi ya Nairobi ikae, na najua bodi itasema nini. Zamzam atarudia wiki kumi mahali pengine. Aloys amepewa onyo. Misheni inataka funguo Ijumaa.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimetoa funguo. Mwangangi hakuniangalia usoni.

Jumamosi, 6 Desemba

Tumekwenda Kalama, mimi na Zamzam. Nilimwambia abaki, kosa ni langu. Akasema, "Mwandiko ni wangu," akavaa gumbuti za baba yake. Mvua ilikuwa imetupa nafasi. Tulivuka mto kwa magogo waliyolaza vijana, tukapanda kilima saa nzima bila kuzungumza sana.

Reuben alituona tangu mbali, akaleta viti viwili nje na kimoja cha kuazima. Watoto wawili walisalimia wakapelekwa kwa shangazi. Alidhani tumekuja kuhani, akaanza kututolea asante, na ilinibidi nimkatize.

Nilimwambia kwa Kiswahili, kisha kwa Kikamba ili kisibaki kitu. Kwamba dawa tuliyompa mkewe haikupaswa kukutana na ile ya moyo. Kwamba hakuulizwa, na hakuulizwa kwa sababu mimi nilifuta swali. Kwamba sikuwa kazini, nilikuwa napanda shamba langu, na sahihi niliiacha nyuma. Kwamba siku aliporudisha vidonge nilikuwa nimeshajua na nikanyamaza. Zamzam akasema, "Na mimi ndiye niliandika, mzee. Nilimwona. Alikuwa amevaa leso ya maua mekundu. Nilikuwa na nafasi ya kumuuliza na sikuuliza."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa ameinama, akikwangua udongo kwenye kiganja kwa kucha ya kidole gumba, muda mrefu, mpaka kuku wakaja miguuni petu wakaondoka. Nilikuwa nimejitayarishia matusi, nimejitayarishia panga hata. Kwa alilosema sikuwa nimejitayarisha.

"Siku ya tatu alizikataa," akasema. "Zilimletea ladha ya chuma mdomoni, akasema jino limepoa, hataki tena. Mimi ndio nilikataa. Nikamwambia daktari amesoma, ameandika siku saba, utameza siku saba. Nilikuwa nasimama hapo na kikombe cha maji, asubuhi, mchana, jioni, mpaka ameze nione." Akainua uso, na hakuniangalia mimi. Alimwangalia Zamzam. "Sasa niambie wewe, msichana wangu. Kama ningemwacha hiyo siku ya tatu, angekuwa hai?"

Jibu ni ndiyo. Kila mtu aliyesoma lile jedwali anajua ni ndiyo. Angeacha siku ya tatu, damu ingerudi taratibu, na leo angekuwa anashona pale barazani. Nilifungua mdomo na hakikutoka kitu, mimi niliyepanda kilima kizima nikijiambia kwamba nimemaliza na uongo.

"Hapana, mzee," Zamzam akasema. Hakungoja hata nukta moja. "Kile kidonge cha kwanza kilitosha. Hata ungemzuia siku hiyo hiyo, isingesaidia. Si wewe."

Alimtazama machoni alipokuwa anasema, na sauti yake ilikuwa ya daktari, tulivu, ya kuaminika. Reuben akaitikia kwa kichwa mara mbili, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akasema tungoje chai.

Tulikunywa chai yake. Njiani wakati wa kuteremka Zamzam alitangulia, na mabega yake yalikuwa yanatingishika, na pale kwenye magogo nilimshika mkono tukavuka. Nimemsahihisha mtoto huyu kila siku kwa wiki nane, spelingi, dozi, hata namna ya kushika kalamu. Leo sikumsahihisha.